Asante ya Bwana Bili

Foleni ya kusajili laini za simu ilianzia kaunta, ikatoka mlangoni, ikashuka ngazi na kwenda kuishia mbele ya duka la viatu. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba laini yoyote isiyo na alama za vidole vya mwenyewe ingezimwa mwisho wa wiki, na binadamu alivyo, kila mtu alingoja mpaka mwisho wa wiki. Watu walikanyagana na kujipepea kwa vitambulisho, na kila aliyefika kaunta alikuta tatizo lake likimngoja.

Tatizo la mwanamke mwenye gauni la njano na miwani iliyopandishwa kichwani lilikuwa dole gumba. Mashine ililikataa. Alilifuta kwenye gauni, akalipuliza, akalibandika tena. Mashine ikakataa.

"Kwa hiyo mimi sipo," alimwambia binti wa kaunta. "Nimesimama hapa tangu asubuhi, kumbe sipo."

"Lipitishe kwenye nywele, dada," alisema mwanamume aliyekuwa nyuma yake. "Linataka mafuta kidogo."

Aligeuka. Alikuta kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, kalamu mbili mfukoni.

"Wewe ni daktari wa vidole?"

"Mimi ni karani wa idara ya maji. Natengeneza bili."

"Ala, kumbe ndiye wewe. Bomba langu linatoa upepo na bili inakuja ya maji. Nimekutafuta sana."

Foleni nzima ilicheka. Dole lilipita kwenye nywele, mashine ikalikubali, na hapo ndipo karani alipoitambua ile sauti. Nani asingeitambua? Ilikuwa ya mtangazaji wa kipindi cha asubuhi, yule ambaye wasikilizaji walimpachika jina la Chiriku kwa sababu aliweza kuongea kutoka taarifa ya habari mpaka nyingine bila kumeza mate. Siku hiyo naye alimpachika karani jina, Bwana Bili, na majina hayo mawili hayakupata nafasi ya kuachana.

"Haloo, hapo ni idara ya maji?" Chiriku alikuwa akipiga jioni.

"Idara imefungwa, mama."

"Nina malalamiko. Kuna mfanyakazi wenu hajanipigia tangu jana."

"Tutamkatia maji."

"Jamani, msimkatie. Mleteni tu nyumbani."

Mapenzi yalinoga. Bwana Bili alilelewa na mjomba wake, mzee mpenda sherehe, na mjomba hakuwa na swali jingine siku hizo ila moja: posa anaipeleka lini?

Sasa ikaingia habari ya fundi cherehani. Simu ya Chiriku ilikuwa ikiita, anaitazama, anatoka nje hadi barazani na kuongea kwa sauti ya chini, yeye ambaye hata siri aliisema kwa kupaza. Akirudi, Bwana Bili humuuliza ni nani.

"Fundi wangu wa nguo."

Mara ya kwanza aliamini. Mara ya pili aliamini nusu. Lakini mwanamke anayezungumza na fundi wake kila wiki kabati lake lingekuwa limefurika, na huyu gauni lake lilikuwa lile lile la njano. Wivu ulimwingia Bwana Bili, na kwa kuwa alikuwa mtu wa kunyoosha mashati, hakuuliza waziwazi. Alinyamaza, akatabasamu, akangoja.

Jumapili moja mchana Chiriku alipitiwa na usingizi kwenye kochi la Bwana Bili, mkono unaning'inia, viatu bado miguuni. Mezani palikuwa na kompyuta ya mpakato ya ofisi, ambayo Bwana Bili alikuja nayo kumalizia bili za mwezi. Alimtazama mpenzi wake kwa muda. Kisha akaichukua simu yake, akaigusisha kwenye lile dole gumba, ikafunguka. Akafungua kompyuta, akaielekeza simu kwenye kile kimraba cha kuunganishia kilichotokea kwenye kioo, na ujumbe wote wa Chiriku ukajipanga mbele yake, wa zamani na utakaokuja. Chiriku alisogeza mguu tu. Huyu bwana hakuona haya hata kidogo. Haya ilikuja baadaye, na ilipokuja ilikuja na ukoo wake mzima.

Kesho yake ofisini alisoma. Fundi cherehani alikuwa mama mtu mzima, mtunza stoo ya dawa katika hospitali kubwa. Alimtumia Chiriku sauti zake zilizorekodiwa, akieleza jinsi dawa zilizokwisha muda zinavyobandikwa tarehe mpya na kupelekwa wodini. Aliongea kwa hofu, akimalizia kila mara, "Mwanangu, jina langu lisitoke." Chiriku naye humjibu, "Mama, jina lako nimelimeza."

Bwana Bili alicheka peke yake kwa ahueni. Mtu mwenye akili angetenganisha simu na kompyuta saa ile ile. Tatizo ni kwamba chini kidogo aliona ujumbe wa Chiriku kwa mdogo wake wa kike: "Shati lake mbu akitua anateleza. Lakini akicheka, mdogo wangu, nasahau nilikuwa nasema nini. Mimi, nisahau."

Alisoma mara ya pili. Siku ya pili alirudi kusoma kama kuna jipya, na lilikuwepo. Basi akaacha wazi, wiki hata wiki, kwa ajili ya kujisomea sifa zake. Siwezi kumpamba hapo. Wivu una udhuru wake, kiburi hakina.

Na alijua kwamba kompyuta zote za serikali zinachunguliwa. Walielezwa kwenye semina, akatia saini, na wenzake walikuwa wakitaniana wasije wakafungua mpira saa za kazi. Alijua, akajitia hamnazo.

Habari ya dawa ilitangazwa Alhamisi asubuhi, bila jina, sauti ya mama imebadilishwa. Kabla ya mchana mamlaka ya utangazaji ilileta amri: kituo kifungwe kwa uchochezi mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Mtandao ukazimika mji mzima. Watu walizunguka na simu mikononi, wakapeana vile viprogramu vya kupenyea vizuizi, navyo vikagonga mwamba, wengine wakagundua kwamba majirani zao wana majina. Mtandao uliporudi, mama wa stoo alikuwa amekwisha kuchukuliwa kazini kwake, mbele ya wagonjwa.

Bwana Bili aliitwa kwa mkuu wa idara. Alikuta wageni wawili wamekaa kwenye viti vizuri.

"Kaa, kijana," alisema mmoja wao kwa upole. "Wengi wanahubiri uzalendo. Wewe umetenda. Umetufungulia mlango, ukaacha wazi, wala hukutaka kujulikana. Hiyo ndiyo kazi."

Hakuelewa. Kisha akaelewa, polepole, kuanzia miguuni.

"Tumekupendekeza uwe karani mkuu," mkuu aliongeza akitabasamu.

Na mdomo wake, uliofundishwa adabu tangu utotoni, ulijibu wenyewe: "Asante, mkuu."

Alirudi mezani kwake, akavunja ule muunganisho, akafuta alichoweza kufuta. Kisha akaenda msalani, akanawa uso mpaka ukosi wa shati ukalowa. Aliona aibu hata kujitazama kwenye kioo.

Jioni ile Chiriku alikuja kwake amejifunga kitambaa kichwani, macho yamevimba.

"Namjua aliyemuuza mama," alisema hata kabla hajakaa. "Ni Nyaya."

Nyaya alikuwa fundi mitambo wa kituo, mtu mkimya mwenye bisibisi mfukoni siku zote. Ni yeye aliyembadilishia Chiriku kioo cha simu kilipopasuka, na Chiriku alimpa namba ya siri ya kuifungua.

"Una hakika?" Bwana Bili aliuliza, na sauti yake ilitoka ndogo.

"Ameiangalia simu, anasema haoni chochote kilichounganishwa, lakini anashuku kilikuwepo kikaondolewa. Atasema nini kingine? Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemwambia mkurugenzi, na amefukuzwa leo."

"Pengine ni mtu mwingine."

"Nani mwingine aliyeshika simu yangu? Wewe?" Alicheka kidogo, cheko la kuchoka, akamlalia begani. "Nisamehe, mpenzi. Hata sijui nasema nini. Umebaki wewe tu."

Bwana Bili alimshika kichwa. Kama ardhi ingepasuka wakati ule angeishukuru.

Kuanzia hapo alianza kumkwepa, ingawa mjomba alikwisha kupanga kupeleka posa Jumamosi. Chiriku akipiga, hapokei, au anapokea na kusema yuko kwenye kikao. Mtangazaji asiye na kituo ana muda mwingi wa kufikiri, na Chiriku alifikiri, akafika alikofika.

"Unaniogopa," alimwambia siku moja kwenye simu. "Wewe mtu wa serikali, mimi mchochezi. Sema tu."

"Siyo hivyo, laazizi."

"Basi ni vipi?"

Bwana Bili aliihamishia simu sikio la pili.

"Kimya chako nimekisikia, Bwana Bili. Mwambie mjomba wako asijisumbue na hiyo posa ya Jumamosi." Simu ikakatika.

Hapo mtu mwingine angejipongeza. Amepata mlango wa kutokea, tena umefunguliwa na mwenzake: abaki na ukarani mkuu, aitwe mwoga, na woga si kosa la jinai. Yeye mwenyewe alilifikiria hilo, kwa siku nzima, na kulifikiria kulimtia aibu mpya juu ya ile ya zamani.

Kesho yake alimkuta Nyaya barabarani nyuma ya stendi, ameweka meza ndogo chini ya mwavuli uliotoboka, anatengeneza simu za wapita njia. Bwana Bili alitaka kupita upande wa pili, lakini Nyaya alimwona, akamwita.

"Shemeji, njoo." Alimsogezea kigoda. "Chiriku hapokei simu zangu, na simlaumu. Lakini wewe anakusikiliza. Mwambie abadilishe namba zake zote za siri, na asiiache simu peke yake na mtu. Aliyeingia mara moja anaweza kurudi. Mlinde, shemeji. Yule dada anaamini watu haraka."

Bwana Bili alikaa kwenye kile kigoda mpaka mteja akaomba nafasi. Kisha alikwenda moja kwa moja kwa Chiriku. Alimkuta jikoni anaosha vyombo, mgongo mlangoni.

"Kama umekuja kuaga, aga," Chiriku alisema.

"Siyo Nyaya. Ni mimi."

Alieleza yote akiwa amesimama. Fundi cherehani, wivu, kompyuta ya ofisi. Chiriku hakugeuka, ila mikono iliacha kusugua.

"Nilikuwa nimelala?"

"Ulikuwa umelala."

"Ukaona kwamba ni mama wa watu anayeeleza habari za dawa."

"Niliona siku iliyofuata."

"Kwa nini hukuitenganisha siku hiyo?"

Hili lilimpa taabu kuliko mengine. "Ulikuwa unamwandikia mdogo wako habari zangu. Nilipenda kusoma."

Chiriku alivuta pumzi. "Na hao watu wa serikali walipokuita, walisemaje?"

"Walinisifu. Wakanipa cheo."

"Wewe ukasemaje?"

Angeweza kusema alinyamaza. Hakuna shahidi ambaye angemsaliti.

"Nilisema asante."

Chiriku alifunga bomba. Alijifuta mikono kidole kwa kidole, na aliposema, chiriku wa mji mzima alikuwa na neno moja tu.

"Toka."

Alitoka, lakini hakwenda nyumbani. Alikwenda kwa wakili wa mama wa stoo, chumba kimoja juu ya duka la dawa, mafaili mpaka kwenye dirisha. Wakili alimsikiliza, kisha akavua miwani.

"Kama ushahidi wao ulichotwa kwenye simu ya mtu bila amri ya mahakama, kwa hila ya mchumba mwenye wivu, tuna pa kushika. Lakini itabidi uyaseme haya mbele ya hakimu. Kazi utapoteza, na watu watakucheka."

"Wacheke," alisema Bwana Bili, akatia saini.

Kisha alirudi kwenye meza ya Nyaya, akamwambia yote mbele ya wateja, maana alimfukuzisha mbele ya watu. Nyaya aliendelea kukaza skrubu. Alipomaliza alisema, "Binti yangu ameulizwa shuleni baba yake alimuuza nani. Na yeye utamwambia?"

"Nitamwambia."

"Basi njoo nyumbani jioni. Uvae hivyo hivyo, ajue hata wanaopiga pasi hukosea."

Siku ya mahakama watu walimcheka kweli. Karani wa mahakama alificha uso nyuma ya faili aliposikia habari za mbu kuteleza kwenye shati. Mama wa stoo hakucheka. Bwana Bili alipomwomba radhi, alimtazama kama mzazi amtazamavyo mtoto wa mwingine aliyevunja kitu, akasema, "Nimekusikia," basi. Hakimu alimpa mama dhamana, kesi ikaahirishwa. Barua ya Bwana Bili ya kuachishwa kazi ilikuwa imemtangulia nyumbani.

Chiriku alimngoja nje, kwenye ngazi. Alikuwa amevaa gauni jeusi ambalo Bwana Bili hakulijua.

"Nyaya amenisamehe kabla sijamaliza sentensi," alisema. "Nimeona aibu mpaka masikio. Nilimhukumu mtu kwa sababu alinitengenezea simu."

"Nilikuacha umhukumu."

"Ndiyo. Uliniacha." Walishuka ngazi mbili pamoja. "Sijakusamehe."

"Najua."

"Na bado nakupenda, ndiyo maana nina hasira hivi. Mjomba wako asije Jumamosi hii."

"Aje lini?"

Chiriku alifikiri, na kwake kufikiri kabla ya kusema kulikuwa jambo kubwa. "Siku nitakayoweza kulala usingizi ukiwa chumba kimoja na mimi. Sijui ni lini. Usiniulize kila wiki."

Aliondoka akielekea kituoni, ambako milango ilikuwa bado imefungwa, kwenda kukaa na wenzake nje ya lango. Hakugeuka nyuma. Bwana Bili alitoa simu, akampigia mjomba.

"Mjomba, Jumamosi hatuendi."

"Wamekukataa?"

"Hapana."

"Mtu hakatai, na wewe huendi? Nimekwisha kushona suti, kijana. Amekukosea nini?"

"Yeye hajanikosea." Alikaa kwenye ngazi ya mahakama, watu wakimpita. Alikwisha kulieleza jambo lile kwa Chiriku, kwa wakili, kwa Nyaya na binti yake, kwa hakimu, na kila mara aliliacha lile baya kabisa mpaka aulizwe. Safari hii hakungoja.

"Mjomba," alisema, "kuna watu walifanya uovu kupitia mkono wangu, nami nikawaambia asante."