Ufukwe Usiokuwemo Kwenye Tamthiliya

"Huyu Fumbata kosa lake nini hasa?" Obedi aliuliza, akaziweka mezani karatasi za Selina alizokuwa anazisoma.

Selina alicheka. Alikuwa mwaka wa tatu chuoni Nyegezi, anasomea fasihi, na Alhamisi alitakiwa kusimama mbele ya darasa amchambue Bwana Fumbata, mfanyabiashara wa kwenye tamthiliya waliyopewa. Fumbata anafika kijiji cha milimani, anamchumbia binti wa mzee anayeheshimika, halafu kwa mgongo wa ukwe anayachukua mashamba ya kahawa ya kijiji kizima.

"Ni mbinafsi," Selina alisema. "Anachangia kanisa, anachangia shule, kumbe anawaziba watu midomo."

"Nyie wasomi mna shida. Mtu kaleta ajira, mnamwita mnyonyaji. Kwani ule ufukwe walikuwa wanaufanyia nini? Kuanika dagaa tu."

Kalamu ya Selina ilisimama. Kwenye tamthiliya hakukuwa na ufukwe. Wala dagaa.

"Ufukwe gani, Obedi?"

"Nimesema mashamba."

"Umesema ufukwe."

"Nimechoka, mpenzi. Tangu asubuhi nimesimama dukani." Akainuka, akambusu kwenye paji la uso. Mlangoni akageuka. "Hivi mkutano wa kijiji kwenu ni Jumamosi au Jumapili?"

"Jumamosi. Kwa nini?"

"Nataka nikamsalimie mzee."

Gari lake lilipoondoka, Selina alibaki ameshika kalamu. Baba yake, Mzee Ngosha, alikuwa mwenyekiti wa kijiji kando ya ziwa, upande wa Magu. Mama yake alikuwa mmoja wa wanawake wanaoanika dagaa ufukweni hapo. Na Obedi, mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Mkolani, alikuwa mwanaume aliyemletea uji hospitalini kila asubuhi alipougua malaria. Harusi ilikuwa imebakiza wiki sita.

Akavuka ua kwenda chumba cha Zakia, rafiki yake wanayesoma naye.

"Labda ulimi umeteleza," Selina alisema baada ya kumweleza.

"Labda. Ukimchambua mhusika unaanzia wapi?"

"Kwenye maneno yake."

"Mimi naanzia kwenye maswali yake. Mwongo anachunga majibu. Maswali anasahau kuyachunga. Lete simu."

Wakarudi nyuma kwenye meseji za Obedi.

"Umeamkaje kipenzi? Mzee ameshatoka wilayani?"

"Nimekukumbuka sana. Hivi mwenyekiti akikubali jambo, wanakijiji huwa wanapinga?"

"Lala salama malkia wangu. Mhuri wa kijiji anautunza nani?"

Zakia aliirudia ile ya mwisho. "Mtu anamtakia mchumba wake usiku mwema, halafu anaulizia mhuri."

Selina akaichukua simu yake.

Asubuhi alimpigia baba yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Masomo yanaendaje?"

"Yanaenda. Baba, Obedi amefika huko karibuni?"

"Si ulimtuma wewe?"

"Nilimtuma nini?"

"Barua ya kuomba ufukwe. Alisema mmekubaliana mjenge kiwanda cha samaki, na kwamba eneo litakuwa kwa jina lako. Nikasema kama ni la mwanangu, sina neno. Nimeliweka kwenye mkutano wa Jumamosi."

"Hiyo barua iko karibu? Nisomee jina la mwombaji."

Alisikia droo ikivutwa, kisha pumzi za baba yake akitafuta miwani. Mzee Ngosha alisoma polepole. Jina lilikuwa moja tu, la Obedi.

"Pengine lako wamelisahau," mzee alisema, ila sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Na kina mama wanaoanika dagaa?"

"Alisema wewe ndiye utakayezungumza nao. Kwamba wewe wanakuamini."

Alhamisi, Selina alisimama darasani akamchambua Fumbata kwa sauti isiyotetemeka. Alipomaliza, mwalimu wake, Dokta Chenge, alivua miwani.

"Umemchambua mwanaume vizuri. Yule binti je?"

"Alinyamaza, mwalimu."

"Aliona kinachofanyika?"

"Aliona."

"Sasa kwa nini alinyamaza?"

Selina alitazama karatasi zake. Jibu hilo hakuwa ameliandika. "Kwa sababu alikuwa anapendwa," alisema.

Ijumaa mchana akaenda dukani kwa Obedi. Hakukaa kwenye kiti alichovutiwa.

"Mpigie baba aiondoe ile barua. Harusi ibaki palepale. Mimi na wewe, bila ufukwe."

Alitegemea Obedi akane. Hakukana. Alifunga mlango wa ofisi taratibu.

"Ningekwambia baada ya harusi."

"Ungeniambia nini? Kwamba mama yangu akaanike wapi?"

"Nitawaajiri wote. Selina, nakupenda. Hilo unalijua."

"Nalijua. Ndiyo maana nimekuja kukuomba, sijaja kugombana."

"Sasa kwa nini nichague, wakati naweza kupata vyote viwili?"

Alisema kwa upole kabisa, tena kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeambiwa achague ugali au mboga. Selina alimtazama usoni akitafuta utani. Haukuwepo.

"Kesho ukae karibu yangu," Obedi aliendelea. "Tabasamu tu. Mengine niachie."

Jumamosi wanakijiji walijaa uwanja wa shule. Obedi alikuwa ameleta kreti za soda, na aliongea vizuri, maana kuongea alijua.

"Mchumba wangu yupo hapa, binti yenu," alimalizia. "Ameridhia, na ndiye atakayesimamia kiwanda."

Watu wakapiga makofi. Selina alisimama.

"Sijaridhia," alisema. "Sikuulizwa. Barua ina jina la Obedi peke yake. Langu limetumika ili baba akubali, na ili nyie msipinge."

Minong'ono ikapita. Mama mmoja wa dagaa akainuka. "Kwa hiyo binti yetu, huyu mwanaume humtaki?"

"Namtaka, mama. Ndiyo maana nimechelewa kusema."

Hakuna aliyecheka. Mzee Ngosha alisimama, barua mkononi.

"Hii niliipokea kwa sababu ya mwanangu, wala sikuisoma vizuri. Kosa hilo ni langu, mnisamehe. Wanaolikubali ombi hili wanyooshe mikono."

Ikanyooshwa mikono mitatu. Miwili ilikuwa ya vijana waliokuja na gari la soda.

"Ombi limekataliwa," mzee alisema. Kisha akamgeukia Obedi, bila ukali. "Ng'ombe wako wa mahari wapo zizini, wazima. Jumatatu njoo na wazee wako."

Obedi alimfuata Selina hadi kando ya uwanja.

"Umenidhalilisha mbele za watu."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa."

Obedi alitoa funguo mfukoni. Akaenda kwenye gari.

Jua lilipoanza kushuka, Selina alikuwa ufukweni na mama yake wakikusanya dagaa waliokauka. Simu ikatetemeka.

"Nilikupenda kweli, Selina."

Aliisoma mara mbili. Akajibu, "Najua," kisha akaizima simu.

"Ni yeye?" mama aliuliza.

"Ni yeye."

"Bado unampenda?"

"Bado, mama."

Selina alivua pete ya uchumba. Ilimchukua muda, kidole kilikuwa na mchanga na magamba. Akampa mama yake ili Jumatatu iondoke pamoja na ng'ombe. Mama akaifunga kwenye pindo la kanga, mafundo mawili, akamwambia anawe mikono waende wakale.