Mstari wa Buluu wa Namba Sita

Kilichotoka kwenye karatasi hakikuwa cha buluu. Emlyn Prosser alikuwa amefuta mstari wa penseli ya buluu, taratibu, kwa kifutio kipya, lakini vichembe vilivyobaki mezani vilikuwa vyekundu, wekundu wa rangi ya midomo. Alivigusa kwa kidole. Vilikuwa na unyevu.

Mtu mwenye akili timamu angeishia hapo. Lakini Emlyn alikuwa mkusanyaji, na wakusanyaji wana wazimu wao. Tangu astaafu kazi ya posta mjini Scranton, alikuwa amejaza chumba cha nyuma programu za vodevili, yale maonyesho ya zamani ambayo sinema iliyaua: mbwa wa kuruka, waimbaji, wachekeshaji, wafanya mazingaombwe, kila mmoja na namba yake, mara mbili kwa siku. Programu hii ilikuwa ya Jumba la Lorimer, wiki ya Jumatatu tarehe 13 Novemba 1911. Ilikuwa safi kabisa isipokuwa ule mstari uliokata namba sita, na Emlyn hakuweza kuvumilia karatasi iliyochorwachorwa. Alivifagia vile vichembe kwa kiganja, akasoma:

"Namba 6. Bibi Oriel Vane na Kabati Lake. Mwanamke mmoja kutoka kwa watazamaji ataingia, atatoweka, na atarudi."

"Zosia! Njoo uone!"

Mkewe Zofia, ambaye kwa mapenzi alimwita Zosia, alitokea mlangoni, mikono imejaa unga wa pierogi, vile vitumbua vya Kipolandi vya kujazwa na kuchemshwa. "Usiniambie umeleta takataka nyingine, Bwana Posta." Hivyo ndivyo alivyomwita tangu walipooana, kwa furaha na kwa hasira.

"Takataka? Hii imekuja na picha tatu za Oriel Vane mwenyewe. Hii ya tatu ameitia sahihi kwa mkono wake. Hakuna mwingine aliye nayo Marekani nzima."

Zofia aliziinamia. Mwanamke mwenye kofia ya manyoya alisimama kando ya kabati refu, akitabasamu. "Anamtazama nani huyu?"

"Mpiga picha."

"Hapana. Ananitazama mimi," Zofia alisema, kisha akacheka, akarudi kwenye sufuria yake. Emlyn alizitundika picha zote tatu ukumbini juu, mkabala na kabati la nguo alilorithi Zofia kwa mama yake.

Jumatatu iliyofuata, saa nane na robo mchana, kucha za mbwa ziligonga ngazi. Mbwa wao alikuwa amekufa miaka sita nyuma. Zilipanda mbio, zikashuka, zikapanda tena, na nyumba ikajaa harufu ya manyoya yaliyolowa. Kisha ndani ya kuta watu wakapiga makofi. Emlyn alipotoka alikuta kibao kimeegemezwa kwenye ngazi ya kwanza, kimeandikwa namba moja. Alipoinama kukiokota hakikuwapo.

"Ni mabomba," alimwambia mkewe.

"Mabomba yanabweka?"

Jumatatu ya pili wanaume wawili waliimba bafuni, na bafuni hamkuwa na mtu. Ya tatu, gurudumu la baiskeli lilizunguka juu ya dari, polepole, likizungukazunguka juu ya vichwa vyao wakinywa kahawa. Ya nne, sauti nzito ilisimulia kichekesho ndani ya ukuta wa jikoni, na kuta zote zikacheka. Zofia naye akacheka. Emlyn alimtazama kwa hofu, maana yeye hakusikia neno hata moja la kichekesho kile.

Ya tano ndiyo iliyomvunja. Alimkuta Zofia ukumbini juu, amevaa gauni la kanisani, amekaa kwenye kiti mbele ya kabati la nguo, mikono yake ikipiga makofi huku uso umelegea kama wa mtu aliyesinzia.

"Zosia, unafanya nini hapa?"

"Nyamaza," alinong'ona bila kugeuka. "Imebaki namba moja tu, ya sita. Ikija naitwa mimi."

Emlyn hakungoja koti. Alikimbia mitaa mitatu hadi kwa Bi Hattie Kuzma, kikongwe aliyeshona mavazi ya wasanii wa Lorimer alipokuwa msichana. Bi Hattie alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akafunga mlango wa chumba chake kwa ufunguo, mchana kweupe.

"Umefuta nini?"

"Mstari tu, Bi Hattie."

"Mstari tu! Yesu wangu!" Alishusha sauti. "Sikiliza, mwanangu. Jumatatu mchana ndiyo siku ya kupimwa. Meneja anakaa nyuma anatazama. Usipomridhisha, anabandua picha zako pale mlangoni pa jumba, anakuja nazo mpaka chumbani kwako, anakupa mkononi. Hasemi kitu. Ukirudishiwa picha, umefukuzwa. Funga sanduku, kapande treni. Tuliziogopa picha zile kuliko kifo."

"Na Oriel Vane?"

"Aliita mke wa mchimba makaa. Mama wa watu akaingia kabatini, akatoweka, akarudi. Watu wakapiga makofi mpaka jumba likatikisika. Mumewe peke yake ndiye aliyepiga kelele. Alisema, 'Huyu si mke wangu.' Wakamtoa nje, wakamwita mlevi. Ila meneja alikuwa amemwona yule mama kwa karibu. Alizichukua picha akaenda, na chumbani hakumkuta Oriel Vane. Alikuta poda kwenye kiti, basi. Ndipo akamkata kwa penseli. Picha zikabaki kwenye droo." Bi Hattie alimshika mkono. "Hakurudishiwa picha, kwa hiyo hakufukuzwa. Kilichomzuia ni ule mstari peke yake. Umemrudisha kwenye ratiba, mwanangu."

"Nifanye nini?"

"Mrudishie. Zote tatu, mkononi mwake, kabla mkeo hajaingia. Kisha ikate namba sita kwa wino, asije mwendawazimu mwingine na kifutio chake."

Jumatatu ya sita ilikuwa tarehe 12 Novemba. Emlyn alizitoa picha kwenye fremu asubuhi. Alimsihi Zofia waende kwa dada yake, na Zofia akakubali, akavaa koti, akafika mlango wa mbele, akageuka, akapanda ngazi na kukaa kwenye kile kiti. Alimvuta. Mkewe, mwanamke mwembamba wa miaka sitini, hakuvutika.

Saa nane na robo mwanga wa dirishani ulififia ukumbini kana kwamba mtu amepunguza taa, harufu ya poda na jasho la umati ikapanda kutoka sakafuni, kibao cha namba sita kikawa kimesimama pale ambapo dakika moja nyuma hapakuwa na kitu, na mlango wa kabati la nguo ukafunguka wenyewe, ndani hamna gauni wala shati, ila kioo juu ya kioo juu ya kioo, na kando yake, amesimama vilevile kama kwenye picha, kofia ya manyoya kichwani na tabasamu lilelile, yule mwanamke, akimnyooshea Zofia mkono, na Zofia akainuka, na kuta zikaanza kupiga makofi, na Emlyn akasogea, akampa picha ya kwanza, na vidole vilivyoipokea vilikuwa baridi na vyenye unyevu, akampa ya pili, na tabasamu likapungua, na Zofia akasimama mguu mmoja hewani, na ikabaki ya tatu, ile yenye sahihi, ile isiyo na mwenzake Marekani nzima.

Vidole vya Emlyn havikuiachia. Hakuamua, vilikataa tu, kwa muda wa pumzi moja.

Mlango wa kabati ukafungwa. Mke wake alikuwa ndani.

"Chukua!" alipiga kelele. "Chukua, Mungu wangu, chukua!"

Oriel Vane aliichukua. Akazipanga picha tatu kwapani, akainama kwa adabu, na pale alipokuwa pakabaki poda kidogo kwenye zulia. Mlango ukafunguka. Zofia alitoka kati ya magauni yake ya zamani, akipepesa macho, na Emlyn akamkumbatia akilia kama mtoto. Kisha akakimbia chini, akachovya kalamu, akaikata namba sita kwa wino mweusi, mara mbili, akikandamiza.

Jioni walikula pierogi. Zofia alikoroga kahawa yake kwa mkono wa kushoto. Pete yake ya ndoa, iliyokaa mkono wa kushoto miaka yote, ilikuwa mkono wa kulia. Doa dogo jeusi alilokuwa nalo chini ya jicho la kushoto, lile ambalo Emlyn alilibusu siku ya harusi, sasa lilikuwa chini ya jicho la kulia.

"Mbona huli, Emlyn?" aliuliza.

Hakuwa amewahi kumwita Emlyn.

Jumatatu iliyofuata, saa nane na robo, kitu kiligonga ndani ya kabati la nguo. Kiligonga kama mtu aliyechoka, kwa kifundo cha kidole.

"Bwana Posta, nifungulie. Huku ni giza. Kuna mama mwingine huku, hataki kuniachia mkono."

Alifungua. Magauni tu. Akafunga, na sauti ikaanza tena.

"Emlyn," yule mwanamke aliita kutoka jikoni, kwa upole. "Achana na kabati, mume wangu. Njoo unywe kahawa."

Emlyn hakwenda jikoni. Alishuka chumba cha nyuma, akaitandaza programu mezani, akachukua kifutio ili airudishe namba sita kwenye ratiba. Mpaka leo kila Jumatatu mchana utamkuta hapo, anasugua ule wino, na juu wanagonga. Wino haujatoka. Karatasi ndiyo imeanza kutoboka.