Pipa Nyuma ya Kibanda

Saa moja asubuhi, Jumatatu, mwalimu wa chekechea iliyo jirani na kiwanda cha gundi alifungua mlango wa darasa na kuufunga palepale. Harufu ilikuwa imemtangulia. Haikuwa ile ya kila siku, ya mifupa inayochemshwa kiwandani kutengenezea gundi, ambayo mtaa uliizoea huku ukinung'unika. Hii ilikwaruza koo. Walipofika, watoto walianza kutapika mmoja mmoja. Mmoja mwenye pumu alikimbizwa hospitali mgongoni mwa mlinzi wa kiwanda, aliyeacha lango wazi bila kumwomba mtu ruhusa.

Mkaguzi wa mazingira alifika saa nne. Alikuta mitambo bado inanguruma, na fundi wa chujio amefungiwa katika chumba cha mlinzi.

"Mambo yamekwisha, dada," meneja alisema, leso puani. "Polisi wako njiani. Huyo ameliua chujio la hewa. Pipa la dawa tumelikuta nyuma ya kibanda chake."

"Zima mitambo kwanza."

"Unajua hasara yake?"

"Zima, bwana meneja. Watoto wanatapika."

Mitambo ilipozimwa, akaenda kulitazama chujio. Lilikuwa nyuma ya kiwanda, limepakana na uzio wa nyumba za watu: kitanda kipana cha vipande vya mbao, na juu yake mabomba ya kunyunyizia maji. Hewa chafu ilipitishwa chini, na vijidudu vilivyoishi katika mbao hizo viliila harufu kabla haijatoka nje. Mkaguzi alizamisha mkono. Mbao zilikuwa na unyevu wa kutosha, kwa hiyo hakuna aliyesahau kunyunyizia. Lakini uyoga ulioota humo ulikuwa umenyauka, na kiganja chake kilitoka kikinuka dawa ya kuoshea malori, ile inayoua vijidudu. Pipa lililokutwa kibandani lilikuwa tupu; dawa yote ilikuwa imeishia humo.

Alirudi kwenye chumba cha mlinzi, akakaa karibu na fundi.

"Umekula?"

Fundi akainua macho. "Huniulizi kama nimefanya?"

"Nitakuuliza. Umekula?"

Alitikisa kichwa. Mkaguzi akammegea mkate wake, akasubiri ameze.

"Chujio uliliacha zima lini?"

"Jumamosi jioni. Kila siku nachota kiganja, nanusa. Likinukia udongo ulionyeshewa, nalala usingizi. Jumapili sipo."

"Na dawa ile?"

"Nimewakataza wote wasiisogeze pale. Wananiita Mama Mkwe, kwa masharti yangu." Alijaribu kucheka, ikashindikana. "Mke wangu amejifungua juzi, dada. Yuko peke yake. Nikiwekwa ndani, nani atamwinulia hata ndoo ya maji?"

Nje, meneja alikuwa anapiga hatua huku na huko akitazama barabarani.

"Kama si yeye, basi ni Mama Madirisha," alisema. "Aliapa mkutanoni kwamba kiwanda kitafungwa akiwa hai. Na mlinzi amemwona akipitisha chupa juu ya uzio."

Mama Madirisha aliishi upande wa pili wa uzio, na jina alilipata kwa jinsi alivyoyabamiza madirisha yake kila upepo ulipogeuka.

"Chupa? Si chai hiyo!" aliwaka. "Nampelekea yule kijana kila asubuhi. Kiwanda nakichukia, yeye simchukii. Na ningetaka kuua kitu, mwanangu, ningeanza na meneja wenu."

"Jana ulisikia harufu gani, mama?"

"Ajabu! Jioni upepo ulileta harufu kama ya wodi iliyotoka kupigwa deki. Mwanzoni kidogo tu, nikasema, leo wameoga! Ikazidi. Ikazidi tena. Nikafunga madirisha. Nikawaonea huruma wageni wa jirani yangu, mtunza stoo wa hapo kiwandani. Alikuwa na wakwe watarajiwa wa binti yake. Mara ya kwanza waliondoka wameziba pua, chakula hawakugusa. Binti yake alilia!"

Mkaguzi akamwomba wafuatane.

Saa tisa alasiri wote walikuwa stoo, fundi akiwa katikati ya polisi wawili. Mtunza stoo, mzee aliyechomekea shati vizuri, alikuwa akieleza.

"Dawa aliichukua fundi mwenyewe, Jumamosi. Nilimpa kwa mikono yangu."

Alipokuwa anasema, mkaguzi aliinama nyuma yake, akafungua pipa jipya. Meneja alikohoa. Mama Madirisha akajiziba kwa mtandio, na askari mmoja akarudi nyuma. Mzee aliendelea kusema, bila hata kukunja uso.

"Mzee," mkaguzi aliita taratibu, "husikii kitu?"

"Kitu gani?"

Akageuka, akaliona pipa liko wazi.

"Anayetaka kuua chujio kwa siri humwaga mara moja akakimbia," mkaguzi alisema. "Huyu aliongeza kidogo kidogo. Alitaka kunukiza. Kifuniko kimoja kingetosha, lakini hakujua kama kinatosha. Fundi kazi yake ni kunusa. Mama huyu ananusa hadi mawazo ya watu. Meneja ni mgeni, bado anatembea na leso. Nilimtafuta mtu ambaye kiwanda kimemmaliza pua, mwenye ufunguo wa stoo, na aliyekuwa na wageni."

Mzee akakaa juu ya gunia.

"Niliweka kidogo kwenye maji ya mabomba. Nikanusa, wapi! Nikaongeza. Mke wangu alikuwa na wageni ndani, ningemwuliza nani? Nikaongeza mpaka likaisha. Mama mkwe wa binti yangu alitokwa na machozi, nikadhani ni ya furaha."

"Na pipa?"

"Asubuhi niliposikia habari za watoto, niliogopa. Nikalivingirisha hadi kibandani."

"Kwangu," fundi alisema. "Wewe ndiye uliyeniombea kazi hapa, mzee."

Mzee alifunika uso. Askari walimwachia fundi mkono, wakasimama pande mbili za mzee. Mkaguzi akamwambia meneja kwamba mitambo haitawashwa hadi kitanda kiwekwe mbao mpya na vijidudu vishike upya. Meneja alitaka kubisha, akatazama upande wa chekechea, akaacha.

"Nenda kwa mkeo," mkaguzi alimwambia fundi.

Aliondoka mbio.

Mlangoni mzee alisimama, akamgeukia Mama Madirisha.

"Jirani, wewe jana ulikuwepo mtaani. Safari hii walikaa mpaka wakamaliza kula. Nyumba yangu... ilinukia vizuri?"

Wote walimtazama Mama Madirisha, wakisubiri awake. Alikunja mtandio wake, akaukunjua.

"Ilinukia vizuri, jirani," alisema. "Vizuri sana."