Makasha ya Kwenda Moanda

Kila asubuhi Philomène alifagia ua wake katika mtaa wa Kabondo, mjini Kisangani, kisha akafagia baraza, na kila asubuhi ufagio wake uligonga makasha. Yalikuwa makasha mawili makubwa ya mbao, yamepakwa rangi ya buluu na kufungwa kwa kamba. Yalikaa barazani tangu mumewe alipostaafu. Philomène aliyazunguka na kunung'unika kidogo, kwa mazoea tu.

Mumewe, Faustin, alikuwa mpishi wa meli za mtoni. Miaka mingi alipika kutoka Léopoldville mpaka Kisangani, na kutoka Kisangani mpaka Léopoldville. Mke alimpata Kisangani. Watoto wake walizaliwa Kisangani. Lakini kwao kulikuwa Moanda, mbali kule mto unakoishia na bahari inakoanza, na moyo wake ulibaki huko.

"Philo," alikuwa akisema kila jioni, "kule kwetu bupepo iko napiga toka asubuhi. Samaki tunatundika ku kamba. Jua na bupepo vinamaliza kazi. Weye unakaa tu, unaangalia maji."

"Niangalie maji, nikule nini?"

"Samaki!"

"Na kesho?"

"Samaki ingine."

Philomène alicheka. Yeye alitoka Maniema na bahari hakuwahi kuiona hata siku moja. Lakini aliisikia kila siku, mpaka akaiona kama mke mwenza. "Leo mbanda wangu hajambo?" alimtania mumewe, na Faustin hakukasirika. Alianza kusimulia upya.

Mpango wake wa uzeeni ulikuwa huu. Wangepanda meli mpaka Léopoldville, achukue pensheni yake, kisha waende Moanda. Huko wangejenga nyumba inayotazama bahari na kuuza samaki wakavu. Kwa hiyo Faustin hakushika kazi yoyote nyumbani Kabondo. Paa lilivuja. Ua ulikuwa mtupu, hata mgomba mmoja haukuwamo. Mkewe akisema neno, jibu lilikuwa lile lile: "Bon, ya nini? Tuko naenda." Majirani walimwita Papa Moanda, naye aliitika kwa furaha.

Hawakwenda. Mwaka wa 1964, miaka minne baada ya uhuru, waasi waliuteka mji. Mto ukafungwa. Meli zote zikasimama. Pensheni ilibaki Léopoldville, bahari ikabaki Moanda, na makasha yakabaki barazani.

Chakula kikawa shida. Chumvi ndiyo iliyoadimika kuliko vyote. Watu waliozoea kununua chumvi kwa bakuli sasa waliitafuta kwa kijiko, na hawakuipata. Faustin alishinda ameketi juu ya kasha, mikono magotini. Mshahara haukuwapo tena. Shamba hakulima. Yeye na mkewe wangeishi kwa nini? Wajukuu waliokuja kujificha kwao wakati wa vita wangekula nini? Aliogopa, na Philomène alimwona kuwa anaogopa.

Asubuhi moja Faustin alisimama ghafla.

"Philo! Nimefunguka akili. Donc, tutakausha samaki hapa hapa, sawa kule kwetu. Wagenia banaendelea kuvua ku maporomoko ya muto. Maporomoko haijui vita."

"Tutawapa nini hao wavuvi? Pesa hatuna."

Macho ya Faustin yalikwenda kwenye kasha, kisha yakakimbia. Philomène alielewa. Ndani ya kasha lile mlikuwa na liputa yake mpya, kitambaa kizuri cha maua ya manjano. Alikuwa ameitunza kwa siku ya kushuka Moanda, ili mawifi zake wasiseme kaka yao ameoa maskini. Hakuwahi kuivaa hata mara moja.

Aliifungua kamba mwenyewe, akaitoa. "Kamata," alisema. "Wende mbio, mbele sijabadilisha akili."

Faustin alirudi na kapu limejaa samaki. Aliwapasua vizuri, kwa maana kisu alikijua. Chumvi hakuwa nayo, lakini alisema upepo utatosha. Alifunga kamba ua mzima, akawatundika samaki wote kwa mstari. Kisha akalowesha kidole kwa mate na kukiinua juu, kutafuta upepo. Upepo haukuwapo. Jua lilikuwa kali na hewa ilikuwa nzito, kama kawaida ya Kisangani. Mchana mvua ikanyesha.

Siku zilizofuata ziliendelea hivyo hivyo. Jua kidogo, mvua, jua kidogo, mvua. Nzi walikuja wengi. Majirani walipita wameshika pua, na hakuna aliyeita Papa Moanda.

"Bupepo itakuja," alisema Faustin, kidole kikiwa juu.

"Minyoo imeshakuja," alijibu mkewe.

Hatimaye Faustin aliwateremsha samaki wake. Walikuwa laini, wanateleza, na harufu yao ilimfanya hata yeye ageuze uso. Lakini njaa ilikuwapo, na mpishi hapendi kutupa chakula. Alileta sufuria.

"Miye niko mupishi," alisema. "Nitatia pilipili mingi, ndimu, mafuta ya mawese. Batoto hawatajua kitu."

"Papa Faustin! Uache!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya uzio. Alikuwa Mama Hadidja, jirani yao. Watu wa ukoo wake walikaa Kisangani tangu enzi za misafara ya biashara, na yeye aliuza samaki sokoni tangu usichana wake. Aliingia uani bila kungoja kukaribishwa.

"Unisamehe, ndugu yangu," alisema. "Nilinyamaza siku zote hizi kwa haya. Nilisema, mutu ya bahari anajua samaki kunipita. Lakini hii siwezi kunyamaza. Samaki yenye kuoza, pilipili inadanganya pua tu. Sumu inabakia ndani. Moto ya sufuria haiondoshe. Ukipatia batoto, usiku bataharisha na kutapika, na njia ya kwenda ku hospitali unajua vile iko sasa."

Faustin aliweka sufuria chini. "Lakini kule kwetu..."

"Kule kwenu iko bupepo na iko munyu, chumvi ya bahari. Munyu inavuta maji yote ya samaki, bupepo inakausha. Huku hewa yenyewe iko na maji! Nguo tu inachelewa kukauka, sembuse samaki? Huku kazi ya bupepo inafanywa na moshi."

Walichimba shimo refu, mbali na kisima, wakawazika samaki wote ili mbwa na kuku wasiwafukue. Philomène alifukia udongo kwa mikono yake. Machozi yalimtoka. Alikuwa anazika liputa yake ya maua ya manjano, na mumewe alijua.

"Unisamehe, Philo," alisema Faustin. Ni neno dogo, lakini wanaume wengi wa umri wake hulimeza. Yeye alilitoa mbele ya jirani.

Mama Hadidja aliwatazama wote wawili. "Bon," alisema. "Wavuvi bananiletea samaki kupita vile naweza kukausha. Nguvu yangu imepunguka. Nitaleta samaki, ninyi mutaleta kazi, tutagawana. Lakini mutafanya vile nasema."

Kesho yake walijenga tanuri uani. Walitumia matofali ya udongo, wakayapanga mpaka usawa wa kiuno, wakaacha mlango chini wa kutia kuni. Juu walilaza fito za miti mibichi, ziwe chanja ya kupangia samaki. Bati kuukuu la kufunikia lilitoka kwenye paa la jiko bovu.

"Kuni," alisema Mama Hadidja.

Faustin alichukua shoka, akakimbia barazani. Alikuwa ameamua. Alisimama mbele ya makasha ya buluu, akainua shoka.

"Papa, hapana!" Mama Hadidja alipiga kelele. "Hiyo ina rangi! Moshi ya rangi iko sumu, itaingia ndani ya samaki. Tunatafuta muti mugumu, mukavu, yenye haina rangi, haina mafuta."

Faustin alishusha shoka taratibu. Philomène alishusha pumzi.

Wakaanza kazi. Samaki walitolewa matumbo siku ile ile walipovuliwa, wakaoshwa kwa maji safi, wakaachwa wachuruzike. Wakubwa walipasuliwa ili moshi ufike ndani. Walipangwa bila kugusana. Kwanza moto ulikuwa na nguvu, kisha ukapunguzwa, ukabaki moshi na joto la polepole. Faustin alitaka kuongeza kuni.

"Uache haraka," alisema Mama Hadidja. "Moto mukubwa inaunguza inje, ndani inabakia maji. Kisha inaoza ukiangalia. Weye ugeuze tu, ungoje."

"Nilipika ku masua miaka yote, hakuna mutu aliniambia ningoje."

"Leo umepata mutu."

Waligeuza, wakangoja, wakageuza tena. Mwishowe Mama Hadidja alimchukua samaki mmoja na kumvunja. Alivunjika kwa sauti kama kijiti. Ndani alikuwa mkavu, rangi ya kahawia, na ananukia vizuri.

"Sasa anaweza kukaa," alisema. "Lakini mara kwa mara mutamurudisha ku moshi kidogo, sababu ya hii hewa yetu. Na mutamuweka pahali pakavu, mbali na panya. Muko na sanduku?"

Faustin na Philomène walitazamana. Ndani ya makasha ya buluu mbao hazikuwa na rangi. Philomène alitoa nguo za safari, sahani za safari, viatu vya safari, na kuvipanga chumbani kama vitu vya watu wanaokaa. Jambo hilo lilimuuma sana Faustin. Alitoka nje na kutazama mbali kwa muda. Kisha akarudi, akatandika majani makavu ndani ya kasha, akapanga samaki wake.

Samaki wale waliwavusha. Miezi ile mibaya, risasi ziliposikika na watu wakajifungia ndani, wajukuu walikula samaki na sombe ya majani ya muhogo, na hakuna aliyeugua tumbo. Vita vilipopita, Faustin alipeleka samaki sokoni pamoja na Mama Hadidja. Alipanda migomba. Aliziba paa. Philomène alimshika mkono alipokuwa ngazini, akacheka. "Papa Moanda, nani huyo ameniletea bwana mupya?"

Meli ya kwanza iliporudi, nahodha wake alikuwa Daudi, rafiki wa Faustin wa zamani.

"Nafasi yenu iko," alisema Daudi alipowatembelea nyumbani. "Mupande wote wawili, bure. Wende kwenu, mupishi."

Faustin aliitazama migomba yake. Mkewe alishika pindo la kitambaa chake na kungoja, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa siku yenyewe.

"Asanti, Daudi," alisema Faustin mwishowe. "Unisaidie kitu moja tu. Pensheni yangu, unisimamie nipate kuipokea hapa. Na hii kikapu ya samaki ifike Moanda, kwa dada yangu Marthe. Umwambie hii ni ya kwetu."

Miezi ilipita. Siku moja Daudi aliingia uani amebeba kifurushi cha kitambaa kizito.

"Samaki ilifika mukavu, hata moja haikuoza," alisema. "Marthe alilia. Anauliza ni nani alikufundisha. Bon, na hii ametuma. Alichemsha maji ya bahari yeye mwenyewe."

Faustin alifungua. Ilikuwa chumvi, nyeupe, ya mawe mawe. Alitia kidogo ulimini, akafumba macho. Kisha akachukua bakuli kubwa kuliko yote, akalijaza na kulipeleka ng'ambo ya uzio.

"Mama Hadidja, dada yangu anauliza nani alinifundisha. Ulituokoa. Asanti."

"Alhamdulillahi," alisema Mama Hadidja, akalipokea bakuli kwa mikono miwili.

Faustin aliporudi, Philomène alikuwa ameinamia kifurushi. Alichukua punje moja, akaigusa kwa ncha ya ulimi.

"Basi ndiyo yeye," alisema polepole. "Mbanda wangu."

"Ndiyo yeye," alisema Faustin.

Philomène akatia chumvi kidogo kwenye sufuria ya sombe, akakoroga. "Karibu, mbanda," alisema. "Umechelewa, lakini nyumba iko yetu sote."