Mnanaa wa Jericho

Jumatatu asubuhi Awiti aliingia chumbani kwa mama mkwe wake, katika mtaa wa Jericho, kuchukua kikombe cha chai, akamkuta Mama Nabalayo sakafuni. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka, midomo imekauka, na mikono ilikuwa inachuma hewa kana kwamba kuna maua. Alikuwa hai, lakini hakumjua mtu.

Hospitalini daktari alisema ni sumu ya mmea. Kufikia mchana Mulongo, mume wa Awiti, alikuwa amemwambia mkewe aondoke jioni na awaache watoto. Polisi nao walitaka mtu wa kutia seli. Aliyetumwa ni Koplo Kiema, mtu asiyeweza kutulia kwenye kiti. Alimhoji Awiti akizunguka sebule.

Jumamosi familia ilikuwa imekwenda Limuru kutembelea shamba la maua na viungo. Mvua zilikuwa zimekatika, na watu wa Eastlands walikuwa wanakodi magari kwenda kupiga picha kule. Walikwenda watu wazima watano: Mama Nabalayo, mwanawe Mulongo na Awiti, bintiye Marion na mumewe Kweyu. Walirudi na fungu la mnanaa na rozimeri.

"Nani alimpikia hiyo chai?" Kiema aliuliza.

"Hakuna, afande. Mama huchuma majani mwenyewe, anatia kikombeni. Mimi humwagia maji moto tu."

"Hukuona majani mageni?"

"Nianze kuchungulia kikombe cha mama mkwe? Nitaambiwa natafuta nini?"

"Fungu lilikuwa wapi?"

"Chumbani kwake. Tuliporudi alininyang'anya, eti watoto wataliharibu. Akaingia nalo, akafunga mlango. Mimi nimeliona leo, nilipompelekea maji."

"Mlikuwa mnagombana?"

"Kila siku. Chumvi, sabuni, redio. Kama ningetaka kumuua, ningengoja miaka tisa?"

Kiema aliingia chumbani. Fungu lilikuwa limetundikwa kwenye msumari wa dirisha, juu ya kitanda. Alirudi sebuleni akasogeza pazia la mlango huku na huku. Kutoka sebuleni dirisha lile halikuonekana. Ndani ya kikombe alipata kipande cha jani pana. Alilinusa. Halikuwa na harufu ya mnanaa.

Alilipiga picha, akamtumia Hamse, aliyewatembeza shambani, kisha akampigia.

"Hilo ni la mti wa tarumbeta, afande," Hamse alisema. "Uko kwenye ua wetu. Una sumu, niliwaonya wote wasiuguse."

"Nani aliukaribia?"

"Sikuona. Watu walikuwa wengi. Hata yule mama mzee wa familia hiyo hakunisikiliza, alikuwa anamtazama mtoto."

"Mtoto gani?"

"Msichana mdogo wa kundi jingine, lililotoka mtaa wa Tassia. Alikimbia akamkumbatia mguu mwanamume mmoja wa familia hiyo, akamwita baba. Jamaa akamwambia, 'Mimi si baba yako.' Mtoto alilia mpaka mamake akaja kumchukua."

"Mwanamume yupi?"

"Sikumtazama usoni. Nilimtazama mtoto."

Wanaume walikuwa wawili. Kiema alimfikiria Mulongo. Aliishi na mkewe katika chumba cha mabati nyuma ya nyumba, aliingia kwa mamake alivyotaka, na alikuwa na haraka kubwa ya kumfukuza mkewe.

Alivuka ua kwenda kwa Rispa, jirani aliyeachiwa ufunguo Jumapili watu walipokwenda kanisani.

"Nani aliingia humo?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Kweyu alikuja kuchukua mwavuli, akakaa kidogo. Lakini huyo ni mkwe, afande. Mkwe anaishia sebuleni. Hata mkono hampi huyo mama."

Kiema aliitikia kwa kichwa. Kwao Ukambani ni vivyo hivyo. Alimwondoa Kweyu akilini.

Jioni aliwakusanya wote sebuleni, yeye akisimama mlangoni.

"Mulongo, Jumapili ulikuwa wapi?"

"Kanisani, mbele, naimba kwaya. Uliza kanisa zima."

"Baada ya kanisa?"

"Nilikuwa na mchungaji mpaka usiku. Unanichunguza mimi, na aliyemwaga maji ndiye huyu hapa!"

Kweyu aliguna. "Afande, unazunguka bure. Mtu anasimama kando ya kitanda na birika, fungu linaning'inia hapo dirishani. Awiti angekosaje kuona majani mapana?"

Marion aligeuka polepole.

"Kweyu, umejuaje liko dirishani? Mimi bintiye sijaliona."

"Si... Awiti alisema."

"Nilimwambia afande kwamba liko chumbani," Awiti alisema. "Dirisha sijalitaja."

"Basi labda mama alinieleza."

Mulongo alicheka kicheko kibaya. "Mama akueleze wewe habari za kitanda chake?"

Kiema alisogea mbele. "Rispa alikuondoa kwa sababu ya heshima, nami nikakuondoa. Ulijua tutafanya hivyo. Sasa tueleze kuhusu mtoto wa Tassia."

Kweyu alifuta uso kwa kiganja. "Sikutaka afe."

"Ulitaka nini?"

"Achanganyikiwe tu. Akisema ameona mtoto, mseme ni uzee. Alinitazama njia nzima kutoka Limuru. Ningemwomba vipi anyamaze? Mambo kama hayo mkwe atamwambia mama mkwe kwa mdomo upi? Angekuwa mtu mwingine, ningepiga magoti."

"Kwa hiyo kuongea naye ni mwiko," Kiema alisema, "lakini kuingia chumbani kwake na sumu, sawa."

Marion alikuwa bado anamtazama mumewe. "Mtoto anaitwa nani?"

"Marion, wacha."

"Anaitwa nani?"

"Nabwire."

"Jina la mamako. Lile uliloniambia tunamwekea wetu tukijaliwa."

Kiema alimfunga Kweyu pingu na kumtoa. Simu ya Marion ililia. Hospitali ilisema mama ameamka na anaulizia redio yake.

Mulongo alisimama mbele ya mkewe, mikono haijui pa kwenda, akamwita kwa jina la mtoto wao. "Mama Shitanda. Nimekosa. Nisamehe."

Awiti alikuwa anafunga kifuniko cha chupa ya uji.

"Uji wa mama unapoa," alisema. "Marion, twende. Wewe, baki na watoto. Ukiwauliza wao kama nirudi, utasikia jibu lao."