Padi, Padi, Una Nini?

Huyu ni Hidaya. Anakaa Kihonda, mjini Morogoro. Meno yake mawili ya mbele yameng'oka, lakini akicheka hazibi mdomo hata kidogo.

Na hii ni mashine ya gemu. Ni kuukuu! Baba alikuwa nayo tangu Hidaya hajazaliwa. Ukiiwasha inalia, "Tii!" Kisha inanguruma kidogo, "Vuuu."

Mashine ina padi mbili za kuchezea. Moja nyeusi, moja ya bluu. Hazina waya. Unakaa zako kwenye mkeka, unabonya, na gari linakimbia kwenye TV.

Na huyu ni Bibi. Bibi ametoka kijijini Matombo, kuja mjini kutibiwa jicho. Jicho lake moja lilizibwa kwa bandeji nyeupe, na jingine lilikuwa na ukungu. Hidaya alipocheza, Bibi alisikiliza tu.

"Vruum, vruum," Bibi alisema. "Nani anaongoza?"

"Mimi, Bibi!"

"Ngoja jicho langu lifunguliwe. Utanijua!"

Leo jicho limefunguliwa. Bibi anaona! Anaona maua kwenye pazia. Anaona sisimizi ukutani.

"He! Kumbe una mapengo!" Bibi alisema. "Na hukuniambia!"

Lakini kesho asubuhi Bibi anarudi Matombo. Kwa hiyo mashindano ni leo. Leo tu.

Hidaya alimpa Bibi padi nyeusi. Yeye akachukua ya bluu.

Bibi akabonya kitufe cha katikati. "Tii!" Mashine ikawaka. Vuuu. Gari jekundu la Bibi likatokea kwenye TV.

Hidaya naye akabonya. Taa nne ndogo zikapepesa kwenye padi. Pi, pi, pi, pi. Kisha zikazimika. Gari lake halikutokea.

Na huko nyumba ya jirani, ng'ambo ya ukuta, kitu kikalia, "Tii!" Lakini hakuna aliyesikia. Nyinyi je, mmesikia?

Hidaya akakasirika. Akainua padi juu, aipige kwenye goti, kama watu wazima wanavyopiga rimoti.

"We!" Bibi akasema. "Inaumwa, halafu unaipiga? Daktari alinipiga kofi la jicho?"

"Hapana, Bibi."

"Aliniuliza polepole, nikamwambia. Na wewe iulize."

Hidaya akaishusha padi. Akaiweka mapajani. Akaiuliza,

"Padi, padi, una nini?
Niambie polepole."

Hidaya akafikiri. "Labda ina njaa. Labda haina chaji."

Akabonya. Taa nne zikapepesa. Pi, pi, pi, pi. Zikazimika.

"Taa zinawaka," akasema Hidaya. "Basi imeshiba. Si njaa."

Na ng'ambo ya ukuta, "Tii!"

"Padi, padi, una nini?
Niambie polepole."

"Labda iko mbali." Hidaya akasogea. Akasogea tena. Akasogea mpaka pua yake ikagusa TV.

Akabonya. Pi, pi, pi, pi. Zikazimika.

"Si mbali," akasema Hidaya.

Na ng'ambo ya ukuta, "Tii!"

"Padi, padi, una nini?
Niambie polepole."

Hidaya akaitazama mashine. Mama huifunika kwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni. Mama hufunika kila kitu. Hata redio ina kitambaa chake.

"Labda mashine haisikii, kwa sababu imejifunika," akasema Hidaya. Akakitoa kitambaa. Akakikunja vizuri, Mama asije akagomba.

Akabonya. Pi, pi, pi, pi. Zikazimika.

Na ng'ambo ya ukuta, "Tii!"

Hidaya akataka kulia. Jua lilikuwa linashuka. Leo ilikuwa inaisha.

Mara, mbio mbio, nda, nda, nda! Chausiku wa jirani huyo mlangoni.

"Hodi! Shikamoo Bibi! Mashine yetu ya gemu inajiwasha yenyewe!" Alisema yote kwa pumzi moja.

"Marahaba," akasema Bibi. "Karibu. Inajiwashaje?"

"Inalia tii! Mama anaizima. Inalia tii! Mama anaizima. Sasa Mama kasimama mbali, ameshika ufagio!"

Hidaya hakulia tena. Akaitazama padi ya bluu. Akautazama ukuta. Akafikiri mpaka ulimi ukatokeza kwenye pengo.

"Chausiku," akasema, "jana luku yetu iliisha. Hatukuwa na umeme. Nikaleta padi kwenu ichajiwe. Mliichomeka wapi?"

"Kwenye mashine yetu," akasema Chausiku. "Ilikuwa imewaka. Mimi nilikuwa nacheza na padi yetu."

"Rudi kwenu," akasema Hidaya. "Simama karibu na mashine. Usiiguse. Ikilia, niite."

Nda, nda, nda! Chausiku akakimbia.

Hidaya akasubiri. Akabonya.

"IMELIA!" Chausiku akapiga kelele ng'ambo ya ukuta.

Akabonya tena.

"IMELIA TENA! MAMA KAPANDA KWENYE KOCHI!"

"Bibi!" Hidaya akaruka. "Padi haiumwi! Imehama! Imelala kwa kina Chausiku usiku mmoja tu, sasa inadhani kwao ni kule!"

Bibi akacheka mpaka akashika mbavu. "Haya, mwenye akili. Utairudishaje?"

Mnamwona mtoto huyu? Mimi ningekuwa nimeshaipiga padi kwenye goti tangu mwanzo. Yeye hapana. Yeye alijua la kufanya.

Alichukua waya mfupi wa kuchajia. Upande mmoja akauchomeka kwenye padi ya bluu. Upande wa pili akauchomeka kwenye mashine yao, mashine kuukuu ya Baba.

"Kwenu ni hapa," akainong'oneza padi. Kisha akabonya kitufe cha katikati.

Pi, pi, pi, pi.

Taa zikapepesa. Zikapepesa. Halafu taa moja ikawaka, ikatulia. Haikuzimika.

Na ng'ambo ya ukuta? Kimya.

"YETU HAIJALIA!" akaita Chausiku. "MAMA ANASHUKA!"

Hidaya akachomoa waya. Kwenye TV, kando ya gari jekundu la Bibi, gari la kijani likatokea. La Hidaya!

"Sasa," akasema Bibi, akakunja mikono ya gauni. "Vruum."

Moja, mbili, tatu!

Gari la Bibi likagonga ukuta. Pu! Likarudi nyuma. Likagonga ng'ombe. Pu! Bibi akamwambia ng'ombe, "Samahani."

Halafu Bibi akakaa sawa. Akakodoa macho yake yote mawili, hata lile lenye ukungu. Gari jekundu likakimbia. Kona, likapita. Daraja, likapita. Likalipita na gari la kijani, vruuum!

Bibi akashinda! Bibi aliyekuwa haoni sisimizi! Akapiga vigelegele, na Chausiku naye akavipiga kule kwao, ingawa hakujua ni vya nini.

Hidaya ameshindwa, na hajawahi kufurahi hivyo.

"Nilikwambia utanijua," akasema Bibi.

Usiku ukafika. Begi la Bibi lilikuwa tayari mlangoni. Hidaya akalala kitandani pamoja na Bibi, lakini alitazama ukutani.

Bibi akamgusa bega. Akamwuliza,

"Mjukuu, mjukuu, una nini?
Niambie polepole."

"Sitaki uondoke, Bibi." Machozi yakamtoka.

Bibi akamvuta kifuani. "Hata mimi nitakukumbuka sana. Lakini hebu niambie. Padi ilikuwa hapa. Ulipobonya, nini kiliwaka?"

"Mashine ya kina Chausiku."

"Ukuta ulizuia?"

"Haukuzuia."

"Basi. Wewe ukinikumbuka hapa, mimi nitawaka kule Matombo."

Hidaya akafikiri. Akafuta machozi. Kisha akanyoosha kidole, akabonya pua ya Bibi, katikati kabisa.

"Tii!" akalia Bibi.

Hidaya akacheka, mapengo yote nje. Akabonya tena. "Tii!" Akabonya tena, polepole. "Tii."

Halafu kidole kikashuka. Hidaya akasinzia.

Bibi hakulala upesi. Alibaki akimtazama mjukuu wake, kwa macho yote mawili.