Moto wa Jemadari Luhende

Enzi zile misafara ya pembe ilipokuwa ikikata mbuga kwenda maziwa makuu, na gobori moja likibadilishwa kwa ng'ombe wanne, nchi ya Usongele ilikuwa na mtemi aliyeitwa Kasuka, na Kasuka alikuwa na jemadari aliyeitwa Luhende. Wengi wanaomsimulia Luhende huanzia kwenye vita vya mtoni. Mimi sianzii huko, maana ukianzia huko utampenda kupita kiasi. Naanzia langoni.

Lakini kwanza mjue jambo moja la nchi ile. Mtemi wa Usongele hakwenda vitani, hata adui awe ameshafika kisimani. Kazi yake ilikuwa moto. Kila mwaka, mvua ya kwanza ilipoanguka, kila nyumba ilizima moto wake wa zamani, watu wakaenda ikulu, na mtemi akapekecha moto mpya kwa mikono yake mwenyewe. Watu waliubeba kwenye vigae hadi makwao, na mwaka ukaanza. Mikono iliyopekecha moto huo ilitakiwa iwe haijamwaga damu ya mtu. Kwa hiyo aliwekwa jemadari, aue yeye ili mtemi asiue, na kwa sababu hiyo hiyo jemadari hakuweza kuwa mtemi, hata angekuwa shujaa namna gani.

Basi mikono ya Kasuka ilikuwa safi. Hakumchoma mtu mkuki maishani mwake. Aliuza tu. Alianza kwa kuwauza wezi kwa wenye misafara, akaja kwa waliochelewesha pembe, mwisho akauza hata walionung'unika. Luhende akiwa mpakani na askari wake, Kasuka alimuuza Igulu, mdogo wake Luhende, kitinda mimba wa Nyamizi mfinyanzi. Luhende aliporudi alivishwa vikuku viwili vya shaba na kusifiwa mbele ya baraza. Habari za Igulu alizipata kwa mama yake, na mama yake alimweleza huku akiendelea kukanda udongo, bila kumtazama.

Mwezi haukupita, nchi ikafurika mbele ya ikulu. Walikuja na majembe, michi, pinde za kuwindia. Mbele kabisa alisimama Nyamizi, bibi mwembamba mwenye nguo ya gome, mikono imekauka udongo hadi viwikoni. Kasuka alipaza sauti kutoka ndani akataka wapigwe. Luhende alikuwa na askari mia mbili nyuma ya boma la magogo lililozunguka ikulu, na walimtazama yeye. Akautazama umati, akamtazama mama yake, akalinyanyua komeo.

Watu husema alifungua kwa ajili ya nchi. Haya, na waseme. Mimi nasema alifungua kwa sababu aliyekuwa mbele ni mama yake, na sioni aibu yoyote katika hilo.

Kasuka alitoroka kwa lango la nyuma pamoja na jamaa zake wote na bunduki arobaini, akavuka mto Lwanji. Katika ukoo wa kitemi alibaki mtu mmoja tu, Mahona, mrina asali, mpole wa kupindukia. Wazee walipomwambia kuwa yeye ndiye mtemi ajaye, aliomba ruhusa kwanza akaangalie mizinga yake. Moto haungeweza kupekechwa kabla ya mvua, na mvua ilikuwa mbali miezi minne. Wazee wakamwomba Luhende aishike nchi kwa muda huo. Luhende akauchomeka mkuki wake ardhini katikati ya lango.

"Mimi si mtemi na sitakuwa," alisema. "Mvua ya kwanza ikianguka, Mahona atapekecha moto, nami nitaung'oa mkuki huu niondoke nao."

Watu walilia kwa furaha. Nyamizi hakulia, ila aliugusa ule mkuki kwa kiganja, akaenda zake.

Miezi miwili ya mwanzo, sina la kumlaumu. Hakukaa kitako. Alizunguka nchi nzima kwa miguu, akarudisha mashamba yaliyonyang'anywa, akawafungua waliokuwa wamefungwa, akala alichopewa. Mwezi wa tatu Kasuka alirudi na wapiganaji wa kukodi, na hapo ndipo Luhende alipoonyesha akili. Kulikuwa na kivuko kimoja tu, maji ya magotini, na wafinyanzi walikuwa wakichimba udongo kwenye kingo zake. Luhende akamwomba mama yake awaongoze wanawake wachimbe udongo katikati ya kivuko badala ya kingoni, kila siku kidogo kidogo, na wanawake wakachimba kwa siku kumi na mbili. Watu wa Kasuka waliingia mtoni wakijua maji ya magotini, wakajikuta wamezama hadi kifuani, baruti yote imelowa. Bunduki zao zikageuka magongo. Askari wa Luhende wakawashukia kwa mikuki, na adhuhuri haikufika kabla mambo hayajaisha. Kasuka mwenyewe aliponea chupuchupu, akakimbia bila viatu. Waliotekwa walikuwa themanini.

Kuanzia hapo Luhende hakutulia tena. Aliuona mkono wa Kasuka kila mahali. Mbwa akibweka ng'ambo ya mto, ni Kasuka. Wazee wakikaa wawili kivulini, wanamzungumzia yeye Luhende. Alibadilisha nyumba ya kulala mara tatu kwa wiki, chakula akakila kwa kusimama, na katikati ya mazungumzo aliinuka ghafla kwenda kukagua boma. Akavaa ngozi ya simba ya mtemi, akisema askari wanahitaji kumwona kwa mbali. Labda ni kweli walihitaji.

Kisha ukapita msafara, mkuu wake ni yule yule aliyemnunua Igulu. Luhende alimjua, akamkaribisha, akamtandikia mkeka. Alitaka baruti na bunduki, na pembe hakuwa nazo. Akampa wale mateka themanini. Aliwaeleza wazee kuwa ni mara moja tu, kwamba hao ni maadui, kwamba nchi bila baruti ni mzoga. Siku ile Nyamizi alirudisha kapu la unga lililotoka ikulu, na lililofuata pia akalirudisha, bila ujumbe wowote.

Mawingu yalipoanza kukusanyika, Mahona aliletwa ikulu akatiwa katika kibanda chenye walinzi wanne. Kwa usalama wake, alisema Luhende, maana Kasuka angali hai. Wazee walipouliza usalama huo utakwisha lini, aliwajibu kuwa maswali kama hayo ndiyo yanayomfurahisha adui. Hawakuuliza tena.

Mvua ikaanguka asubuhi moja, nzito, ya siku nyingi. Watu wakazima moto kama walivyozoea mababu zao. Na hapa Luhende akafanya kosa ambalo Msongele peke yake, anayejua uzito wa moto ule, angeweza kulifanya. Miaka yote palikuwa na watu waliofukia kaa moja chini ya majivu, kwa wagonjwa na wanawake waliojifungua, na watemi walijifanya hawaoni. Luhende alituma askari nyumba kwa nyumba, wachokonoe kila jiko na kumwaga maji. Alitaka asiwepo mtu katika Usongele nzima mwenye moto mwingine zaidi ya ule utakaotoka kwake.

Kisha akakaa chini ya paa la baraza mbele ya umati, akashika vijiti, akapekecha mwenyewe.

Moto ukawaka. Naam, uliwaka, tena upesi kuliko wa Kasuka. Luhende akacheka kwa sauti kama mtu aliyetua mzigo, akawaonyesha watu viganja vyake. Akawaambia wasogee wauchukue.

Hakusogea mtu. Walikaa mvuani na vigae vyao mikononi, na baada ya muda mmoja akageuka, wa pili akageuka, na uwanja wote ukabaki mtupu. Moto ule ukaunguza kuni zake peke yake.

Siku ya kwanza alidhani ni ukaidi utakaoisha njaa ikianza. Siku ya pili watu walikula karanga mbichi na asali na kunywa maji baridi. Askari waliochukua moto kupeleka makwao walikuta wake zao wameumwagia maji, na wengine wakaambiwa walale ikulu na moto wao. Mvua haikukatika. Siku ya tatu Luhende alipata habari kuwa mama yake amelala, anakohoa, na mwili wake umekuwa baridi kama jiwe la kusagia.

Alitoka na kigae cha makaa mkononi, bila walinzi. Alimkuta Nyamizi amejifunika ngozi ya mbuzi, amezungukwa na vyungu vibichi ambavyo havingeweza kuchomwa. Luhende akapiga magoti, akaanza kupanga kuni.

"Umepekecha wewe?" mama aliuliza.

"Ni moto, mama. Unachoma kama mwingine."

"Najua unachoma." Alikohoa hadi machozi yakamtoka. "Kasuka alipomuuza Igulu alikuwa na sababu. Na wewe ulipowauza wale wa mtoni ulikuwa na sababu. Nimechoka na sababu zenu, mwanangu. Utoe nje, moshi unanikaba."

"Utakufa, mama."

"Basi nitakufa. Wewe nenda ukalinde boma."

Alitoka, na kwa kuwa hakuweza kumkasirikia mama yake aliwakasirikia watu wote. Aliamuru askari wachukue vijinga vya moto, wakawashe kila jiko kwa nguvu. Kukazuka purukushani ambayo Usongele haikuwahi kuiona: askari wanaingia na moto, wanawake wanawafuata na vyungu vya maji. Kufika alasiri wanawake walikuwa wamekusanyika mbele ya ikulu, mamia, wamelowa chapachapa, na lango likafungwa kwa komeo. Bunduki sitini, zilizolipiwa kwa watu themanini, zikapangwa juu ya boma.

Sazia, msaidizi wa Luhende, kijana mwaminifu aliyepandishwa cheo naye, alimgeukia.

"Jemadari, shangazi zangu wako pale. Tupige?"

Luhende akatazama nje kupitia mwanya wa magogo. Mbele ya wanawake, mahali alipokuwa amesimama mama yake safari ile, hapakuwa na mtu. Walikuwa wamepaacha wazi. Ule mkuki wake ulikuwa pale pale, umechomekwa, maji yakitiririka mpinini. Sazia akauliza tena.

"Fungua lango," alisema Luhende. "Halafu nipe ufunguo wa kile kibanda."

Mahona alitolewa. Aliuliza mvua imenyesha siku ngapi, akahesabu kwa vidole, akasikitika kuhusu nyuki wake. Akakaa chini ya paa, akashika vijiti. Mara mbili moto ulikataa. Mara ya tatu kikatoka kimoshi chembamba, na wanawake wakapiga vigelegele ambavyo vilisikika, wanasema, hadi ng'ambo ya Lwanji.

Watu wakajipanga. Luhende naye akaokota kigae, akajipanga. Alijua kila pumzi inayopita ni pumzi ya mama yake, na kwa neno moja angeweza kuwasukuma wote pembeni, maana askari walikuwa bado wake. Hakulisema. Mwanamke wa mbele yake aligeuka, akamtambua, akageukia mbele tena bila kumpisha. Waliomtangulia walikuwa zaidi ya hamsini. Alisimama mvuani hadi zamu yake ilipofika, na Mahona akamtilia makaa matatu kigaeni, sawa na aliyotiliwa kila mtu.

Akakimbia. Aliufunika moto kwa ile ngozi ya simba, ikaungua katikati, asijali. Alimkuta Nyamizi macho yamefumba, lakini kifua kinapanda. Akawasha jiko, akamsugua miguu, akapika uji kwa mikono yake, mzito na wenye mabonge, maana hakuwahi kupika tangu utoto. Mama alifumbua macho, akautazama moto kwa muda.

"Huu ni wa Mahona," alisema.

"Ndiyo, mama. Nimejipanga kama wengine."

Akanywa uji wote. Rangi ikamrudia usoni kidogo kidogo, na Luhende akakaa sakafuni akalia bila kuficha, kwa kuwa mama amepona. Alikuwa ameshaanza kufikiri ataezeka wapi nyumba yake, atalima shamba gani. Nyamizi akaweka kibuyu chini.

"Mvua imeshanyesha," alisema. "Na mkuki wako bado uko langoni."

Hakusema kwa hasira. Luhende alimtazama amwone kama atatabasamu, au atasema ngoja kwanza nipone sawasawa. Nyamizi aliuvuta mkono wa mwanawe, akaushika kwa viganja vyake viwili vya udongo, akauachia.

Luhende aliung'oa mkuki asubuhi iliyofuata, peke yake. Sazia alimsindikiza hadi barabara ya misafara, na kwake ndiko tulikopata habari kwamba Luhende hakwenda magharibi kulikokuwa na watemi ambao wangempa cheo. Alishika njia ya mashariki, ile waliyopitishwa Igulu na wale themanini. Kama aliwapata, hakurudi kusema.

Wimbo wa vita vya mtoni Wasongele waliendelea kuuimba kwa vizazi vingi, na ndani yake wamo wafinyanzi na kivuko, ila jina la jemadari halimo. Langoni pa ikulu palibaki tundu la mkuki. Walinzi waliokuja baadaye walitaka kulifukia, kwa kuwa watu walijikwaa, na Nyamizi, ambaye aliishi miaka sita mingine, alikuja na udongo wake mzuri mkononi. Wakadhani amekuja kulijaza. Alilizungushia ukingo mdogo, akaulainisha kwa kidole, ili mvua isilizibe.